Uzio wa Shangazi

Maji yaliyobaki wazi katika chemchemi yetu yangefunikwa na mkeka mmoja tu, tena mkeka wa mtu asiyejigeuza usingizini. Kwingine kote yalikuwa matete. Asubuhi ile shangazi yangu alisimama ukingoni, akachomeka fimbo pale alipokuwa akioga utotoni, akaichomoa. Ilitoka na tope jeusi na nyuzi za mizizi.

"Yamekwenda wapi?" akaniuliza, utadhani mimi ndiye niliyeyaficha.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, nikarudi nyumbani kuwa katibu wa kamati ya chemchemi, kazi ambayo malipo yake yalikuwa chai ya Shangazi na maneno yake matamu. Siku niliyoshuka garini na begi langu nilikuwa na majibu tele. Chemchemi ikanifundisha kunyamaza.

Katika maji yale wanaishi samaki tunaowaita sindano. Ni wembamba, wana mstari wa rangi ya shaba ubavuni, na mkubwa wao hafikii urefu wa kidole. Pande zote ni jangwa, changarawe na miiba hadi macho yachoke. Hakuna mto wa kuleta sindano wengine wala wa kuwapeleka hawa mahali pengine. Bata wa kupita hutua, hunywa, huenda zao. Sindano hawana pa kwenda. Wakiisha hapa, wameisha duniani.

Ndiyo maana uzio ulijengwa. Nilikuwa bado shuleni wakati mbuzi wa mji mzima walipokuwa wakishinda mle majini, wakibomoa kingo kwa kwato na kuacha kinyesi hadi maji yakawa kama chai iliyolala. Kamati ikaundwa, Shangazi akachaguliwa mwenyekiti, naye akasema mtu haanzi kufagia uwanja wa jirani. Akauza mbuzi wake wote kabla ya mtu mwingine yeyote. Jioni alirudi kutoka mnadani na kamba mikononi, akazitundika kwenye msumari ukutani, akalala bila kula. Hizo kamba ziko pale mpaka leo.

Watu wakamfuata, mmoja mmoja, zaidi kwa aibu kuliko kwa hiari. Jamaa mmoja mwenye karakana ya kuchomelea vyuma akazungusha waya bila kudai hata shilingi ya misumari, na tangu hapo jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Tukamwita Fundi Waya. Geti likatiwa kufuli. Ufunguo Shangazi akauvaa shingoni.

Matete yalipoanza kuota tulishangilia. Katikati ya nchi kavu kama ile, kijani kinalevya. Wageni walikuja kupiga picha. Ofisi ya mazingira ikatuletea kibao, tukakichomeka getini: HAPA PAMEOKOLEWA. Matete yalivyozidi kurefuka ndivyo tulivyozidi kupongezana, na hakuna aliyeinama kutazama maji chini yake. Macho yetu yote yalikuwa juu.

Siku ile ya fimbo, Shangazi aliitisha kikao katika chumba cha kamati, chumba cha bati chenye viti vya plastiki na feni isiyozunguka.

"Tukate," alisema Fundi Waya.

"Si tumekata?" Shangazi akamjibu. "Mikono yangu hii umeiona? Tunakata leo, kesho yananyoosha shingo kutuchungulia."

"Basi tuchome."

Nikapiga simu ofisi ya mazingira. Afisa alikuwa mpole sana. Alisema kuchoma eneo lililohifadhiwa kunahitaji kibali, kibali kinahitaji ukaguzi, ukaguzi unahitaji gari, na gari lilikuwa limeharibika. Alinitakia kazi njema.

"Amesemaje?" Shangazi akauliza.

"Amesema tuvute subira."

"Subira huvuta heri," akasema Fundi Waya, "lakini heri yetu naona imekata kamba."

Hakuna aliyecheka. Shangazi akasimama, akasema anataka kuuzunguka uzio wote kwa miguu, tukamfuata.

Nyuma, upande ambao wageni hawakupelekwa kwa sababu haupendezi, kuna mtaro mdogo unaopenya chini ya waya. Muuza maji wa mjini huchota pale, na punda wake humwacha ajilishe wakati anajaza madumu. Mahali pachafu: tope, alama za kwato, mavi ya punda. Punda alikuwa amesimama katikati ya mtaro akitafuna machipukizi ya matete, anayakata yakiwa bado laini. Na kati ya miguu yake, katika vidimbwi vilivyochimbwa na kwato zake, maji yalikuwa yanameremeta.

Fundi Waya aliinama. "Mwenyekiti," akasema taratibu, "njoo uone."

Sindano walikuwa mle. Wengi, wanene, wanapishana chini ya tumbo la punda.

Nilimtazama Shangazi. Alitazama samaki, akatazama punda, akatazama waya, kisha mkono wake ukapanda shingoni, ukaushika ufunguo, ukabaki pale. Wote tulikuwa tumeelewa kwa wakati mmoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka. Mbuzi walichafua maji, ni kweli. Lakini mbuzi haohao ndio waliokuwa wakila machipukizi kila siku na kuyakanyagakanyaga, matete yasipate kufunga. Tungewapunguza. Tungewaingiza kwa zamu. Sisi tuliwaondoa wote.

"Nitafutieni mbuzi," Shangazi akasema.

Tulimaliza siku tukibisha hodi nyumba hadi nyumba. Aliyekuwa na mbuzi sasa alikuwa na duka, au cherehani, au deni. Mama mmoja alitucheka hadi akakaa chini. "Mwenyekiti, si ni wewe uliyenihubiria hadi nikauza? Sasa nikuletee mbuzi gani, wa kuchora?" Muuza maji naye tulimwomba punda. Akasema punda ni mmoja na ndiye anayelisha watoto wake. Akishinda mle, madumu atabeba nani? Hatukuweza kumlaumu.

Akabaki mtu mmoja. Huyu ni mdogo wa marehemu mume wa Shangazi, mchungaji tunayemwita Kengele, kwa sababu mbuzi wake wa mbele alikuwa na kengele iliyosikika kabla yake. Alikataa kuuza. Shangazi, shemeji yake mwenyewe, ndiye aliyemfungia geti mbele ya watu, naye akaswaga kundi lake hadi ng'ambo ya vilima, asirudi tena.

Kesho yake asubuhi tulimkuta nje ya kibanda chake, anashona kiatu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Na huyu uliyekuja naye ni nani? Sura kama naijua. Si yule mama mwenye funguo za peponi?"

"Shemeji, nimekuja kwa shida," Shangazi akasema.

"Najua. Kwa raha ungetuma salamu."

"Nitacheka baadaye. Nipe mbuzi wako. Niazime tu. Sindano wanakufa."

Kengele akaweka kiatu chini. Nilitegemea amsimange zaidi, na nadhani Shangazi pia alikuwa amejiandaa, maana alisimama kama mtoto anayesubiri fimbo. Lakini uso wa yule mzee ulilegea.

"Shemeji, ungekuja kabla ya kiangazi kile kirefu ningekupa kundi zima, nikutanie mwaka mzima. Huku sikuwa na chemchemi. Walikuwa wananidondokea mmoja mmoja." Akaelekeza mdomo nyuma ya kibanda. "Amebaki bibi yao."

Alikuwa mbuzi jike mzee, mbavu nje, kengele bado shingoni.

Tulirudi naye hivyohivyo, Kengele akimvuta na mimi nikimsukuma. Shangazi alitangulia hadi getini, akavua ufunguo, akafungua kufuli, akalisukuma geti hadi mwisho kisha akaliegemeza jiwe, kwa heshima, kama anayepokea msafara. Watu walikuwa wamesikia, wamekuja kutazama. Geti likabaki wazi kabisa. Aliyeingia ni mbuzi mmoja.

Alinusa. Akatafuna chipukizi, la pili, la tatu. Tulibana pumzi kama watu wanaotazama penalti. Akatafuna tena kidogo, akashiba, akalala chini ya kibao chetu cha HAPA PAMEOKOLEWA, akaanza kucheua.

"Kapumzika mfanyakazi," Fundi Waya akasema, na safari hii watu wakacheka. Shangazi alicheka pia. Alicheka, akafuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akaipandisha kanga hiyo magotini, akavua ndala, akaingia majini.

Alianza kung'oa machipukizi kwa mikono, moja baada ya jingine, huku akikanyaga tope palepale, mguu huu, mguu ule.

"Shangazi, mizizi itakukata."

"Mbuzi huwa wanavaa viatu?"

Tukaingia nyuma yake, mimi, Fundi Waya, na Kengele na kiatu chake kimoja kilichoshonwa. Wengine wakaingia, wakachoka, wakaondoka. Wana kazi zao, siwalaumu. Sisi tuliendelea. Ukitazama nyuma, pale ulipotoka matete yalikuwa yameshalala juu ya maji na kuyafunika, kama mtu anayevuta shuka.

Jua lilipoanza kushuka niligundua Shangazi hang'oi tena. Amesimama tu. Nikamsogelea.

"Usije karibu," akaninong'oneza. "Tazama."

Kuzunguka miguu yake, ndani ya mashimo mawili yaliyochimbwa na nyayo zake, maji yalikuwa yamejikusanya, meusi na safi. Na sindano walikuwa wameyapata. Walitoka sijui wapi chini ya mizizi ile, wamejaa kwenye vifundo vyake, mstari wa shaba ukiwaka kila mmoja akijigeuza.

"Toka sasa, Shangazi. Unatetemeka tangu mchana."

"Nitoke niende wapi?" akasema. "Nikiinua mguu, pataziba."

Nilimshika mkono. Sikujua kingine cha kufanya. Getini kengele ililia mara moja, mbuzi alipogeuza shingo kulala upande wa pili.