Barafu ya Mchanjaji

"Nishikie kichwa tu, shangazi."

Shangazi hakusogea. Alikunja mikono langoni mwa zizi, akamwacha mchanjaji, binti wa kaka yake, ahangaike na mbuzi mweusi aliyembana kwa magoti, kifuniko cha sindano kikiwa kati ya meno.

"Kondoo wangu tisa wamekufa, ndimi zimevimba. Wewe ndiye uliyewachanja. Sasa mbuzi mzima unamtoa damu ya nini?"

"Mbuzi anaweza kukibeba kirusi na asiugue."

"Bwana mifugo kasema uliwachoma maji. Dawa iliharibikia mikononi mwako."

Mchanjaji aliendelea kuvuta damu. Siku ya chanjo baiskeli ilipata pancha, akakaa saa nzima juani akiziba, kisanduku cha dawa na barafu ya kuipoza kikiwa kwenye keria. Alipokifungua, barafu ilikuwa maji. Akachanja hivyohivyo. Aliogopa, tena sana, lakini ilibidi ajue kilichowaua kondoo. Alijaza vichupa kumi na viwili, vya mbuzi na vya kondoo waliobaki, akavipeleka maabara mwenyewe.

Wiki mbili baadaye mtaalamu wa maabara, mama asiye na haraka, alimwekea karatasi mezani.

"Kirusi hiki kina ukoo mkubwa, mwanangu. Chanjo yako ilikuwa ya aina moja. Kilichoua ni aina nyingine kabisa. Huyu mbuzi mweusi anayo."

"Yule aliyenunuliwa mnadani. Kwa hiyo hata barafu isingeyeyuka…"

"Wangekufa vilevile."

Moyo ulimtua. Angeweza kuishia hapo na kutembea kifua mbele, hakuna ambaye angemuuliza.

Alirudi na chanjo ya aina ile iliyoua. Shangazi alikuwa palepale langoni. Alimweleza majibu yote, na kabla ujasiri haujamwishia akaongeza: "Lakini barafu iliyeyuka kweli, shangazi. Niliona, nikachanja."

Shangazi alimkazia macho. "Ungenyamaza ningejuaje?"

"Usingejua."

Mchanjaji akafungua kisanduku. Shangazi akazamisha vidole katikati ya vipande vya barafu, akaviacha humo mpaka vikafa ganzi. Kisha akavifuta kwenye nguo yake, akaingia zizini, akamshika kondoo wa kwanza kichwa. Kondoo alishtuka kwa ubaridi wa mikono ile, halafu akatulia.