Kifungo cha Koti la Daktari

Asubuhi ya leo nimevaa soksi mwenyewe. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, nikainua goti, nikavuta soksi mpaka juu ya kifundo, mguu wa kushoto kisha wa kulia, bila kumwita mtu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, akajifanya anatafuta kitana. Nilitaka kumwambia neno zuri, nikaishia kumuuliza chai iko wapi. Asikudanganye mtu, soksi ni jambo kubwa. Kwa miezi mingi nilikuwa navalishwa, na anayekuvalisha soksi hukuvalisha na maneno yake.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona suti za kiume, na sina haja ya kujisifu. Wanaonisifu wapo, waache wafanye kazi yao. Cherehani yangu ina mota, na mota inaongozwa na pedali iliyo chini ya mguu wa kulia. Ukikanyaga inakimbia, ukiinua mguu inasimama. Hayo ndiyo maisha yangu, kukanyaga na kuinua.

Maumivu yalianzia kiunoni, nikayapuuza. Yakahamia kwenye kalio, nikajikaza kisabuni. Yakateremka nyuma ya paja, yakapita pembeni mwa goti, yakafika kwenye kidole gumba cha mguu na kupiga kambi. Nikikaa yanawaka, nikisimama yanawaka, nikipiga chafya naona nyota. Nilianza kukata vitambaa nikiwa nimelalia meza kwa tumbo, na wateja wakadhani ni ufundi mpya.

Lakini kilichonitia hofu kweli hakikuwa maumivu. Siku moja nilikuwa namalizia koti la bwana harusi, nikainua mguu ili cherehani isimame, haikusimama. Mguu niliodhani nimeuinua ulikuwa bado umekanyaga. Sindano ikapita alama ya chaki, ikaziba mdomo wa mkono wa koti, ikanigusa kucha. Mke wangu, ambaye hupiga pasi na kushona vifungo kwenye meza ya pili, akakimbia kuchomoa waya ukutani. Jasho lilinitoka nikiwa nimekaa pale pale. Fundi asiyejua mguu wake uko wapi si fundi tena, na mimi kazi nyingine siijui.

Tulikwenda kupiga picha, ile ya kulazwa ndani ya mtambo unaogonga kama karakana. Tukaambiwa kwamba kati ya pingili mbili za chini za uti wa mgongo kuna kifuko laini kinachozitenganisha, wao wanakiita diski. Changu kilikuwa kimepasuka, na kipande chake kimebana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Mshipa ukibanwa muda mrefu, nguvu za mguu zinaweza zisirudi. Tutafute daktari bingwa wa mgongo, tena tusikawie.

Baada ya hapo duka langu likageuka baraza la migongo. Kila aliyekuja kuchukua suruali alikuwa na mtu wake aliyepasuliwa. Dereva wa lori alisema kaka yake aliingia kwa machela akatoka anatembea, na sasa anacheza mpira na kufunga. Mama muuza vitambaa akasema shangazi yake aliingia anatembea akatoka kwa machela. Mwalimu mmoja mstaafu alifunua shati katikati ya duka, akatuonyesha kovu lake, akaniomba maoni kuhusu mshono. Nilimwambia ungeweza kunyooka zaidi. Watu walicheka, nami nilicheka. Lakini nilikuwa naogopa kupasuliwa, na nilikuwa naogopa kutopasuliwa.

Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye aliyetupeleka kwa daktari wa kwanza. Mtaani wanamwita Namjua, kwa sababu ukimtajia mtu yeyote, hata marehemu, atakuambia namjua.

"Huyu ndiye anayewapasua wakubwa," alituambia. "Namjua. Akishindwa huyu, basi tena."

Nasikia chumba cha daktari yule kilikuwa na zulia zito na picha za kuchora ukutani. Sikuviona. Niliona suti. Bitana ya hariri, kola iliyoshonwa kwa mkono, na mistari ya mfuko iliyokutana na mistari ya koti bila kuachana hata unyuzi. Nimeshona mifuko tangu ujana na najua jasho la kukutanisha mistari ile. Nikajisemea moyoni, mtu anayejali mfuko kiasi hiki, mgongo wangu atauachaje?

Aliitazama picha kwenye kompyuta, akaizungusha huku na huku, akasema ataziunganisha pingili tatu kwa vyuma na skrubu, na nafasi ipo wiki hiyo hiyo. Alikuwa na sauti ya mtangazaji wa redio. Alipomaliza alinipa mkono wa kwaheri, na hapo ndipo aliponigusa kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Kwenye gari shemeji akaniuliza nimeonaje.

"Aliyeshona suti ile si mtu wa mchezo," nilimjibu.

"Kwa hiyo utapasuliwa na suti?" mke wangu akauliza kutoka kiti cha nyuma.

"Dada, yule daktari ni mkubwa," shemeji akasema.

"Sijasema mdogo. Nasema hakumgusa. Mume wangu ameingia na viatu, ametoka na viatu. Mguu ameuona saa ngapi?"

Nikamwambia picha inaonyesha kila kitu. Hakunijibu, na mke wangu akinyamaza namna ile ujue kesi imeahirishwa tu.

Daktari wa pili alimtafuta yeye. Alikwenda kukaa kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi ya viungo, mahali wanapopita watu waliokwisha kupasuliwa, akawa anawauliza nani aliwapasua na wanaendeleaje. Wengine walijibu kwa kinywa, wengine kwa jinsi walivyokuwa wanatembea. Jina moja likawa linarudi mara kwa mara.

Mwenye jina alikuwa mwanamke mfupi, miwani inaning'inia kifuani, ofisi yake ndogo kiasi kwamba kitanda cha wagonjwa kinagusa kabati. Alinivua viatu yeye mwenyewe, na soksi pia. Akaniambia nitembee kwa visigino. Cha kulia kikagoma, mguu ukawa unapiga sakafu. Akanigusa kwa ncha ya pini kutoka paja mpaka vidole, akiniuliza hapa je, na hapa. Akabonyeza kidole gumba cha mguu kwenda chini, akaniambia nimshinde nguvu. Sikumshinda. Hapo ndipo akafungua picha.

"Yangekuwa maumivu tu ningekuambia tusubiri, ufanye mazoezi," alisema. "Lakini mguu unaishiwa nguvu. Nitafungua sehemu ndogo, nitoe kipande kinachobana, nifunge. Vyuma huvihitaji."

"Na hii ganzi ya mguu itaisha?" niliuliza.

"Ule moto wa mguuni, natarajia utaisha. Nguvu zitarudi polepole, sehemu kubwa. Ganzi siwezi kukuahidi, inaweza ikabaki kidogo."

Mke wangu akamuuliza kama ana mgonjwa aliyetoka vibaya mikononi mwake. Nilitaka ardhi ipasuke nitumbukie. Daktari hakukasirika. Alisema wapo, akatueleza habari za mmoja ambaye kidonda chake kilipata maambukizi akarudishwa kupasuliwa tena, na kwamba bado anamwona kliniki.

Yote hayo niliyasikia kwa sikio moja. Macho yangu yalikuwa kwenye koti lake jeupe. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Na heri ungekuwa wekundu peke yake. Uzi ulizungushwa ovyo, mara huku mara kule, ukamalizikia kwenye fundo nene lililokaa nje ya koti, mchana kweupe, kila mtu analiona.

"Hapana," nilimwambia mke wangu tulipofika uani. "Mtu anayeshona kifungo namna ile hanishoni mimi."

"Wewe mwanaume," alisema, "nimeolewa na wewe au na cherehani?"

Siku zile tuliongea kwa maneno ya lazima tu, chumvi iko wapi, mlango umefungwa. Mguu nao ukazidi kuburura. Nilijikwaa kwenye kizingiti nilichokivuka tangu nihamie, nikasingizia viatu.

Kisha shemeji akaja dukani na kitambaa cha suti kwapani, ana haraka zake.

"Kata tu, shemeji. Nitapita kesho kuijaribu."

"Simama hapa nikupime."

"Unipime nini na wewe unanijua? Nitazame tu."

"Tumbo ulilokuja nalo leo si lile la mwaka jana," nilimwambia, utepe tayari mkononi, na hasira zangu za siku zote hizo zikapata pa kutokea. "Mimi sikati kwa macho. Hata mama yangu mzazi angeingia hapa, ningempima kwanza. Fundi anayekata nguo bila kumgusa mtu ni…"

Sikumaliza. Sauti ya pasi ilikuwa imenyamaza. Mke wangu alikuwa ananitazama kwa upole kabisa, upole wa mtu aliyeshinda kesi bila kufungua mdomo.

"Endelea," alisema. "Ni fundi gani?"

Nilijaribu kununa, nikashindwa. Kicheko kilinitoka na kikaniumiza mgongo, nikashika meza huku nacheka na kugumia. Shemeji akawa anatutazama kwa zamu, haelewi ameingilia nini.

"Mpigie yule wa kifungo," nilimwambia mke wangu.

Asubuhi ya upasuaji niliogopa, sifichi. Nilimwomba mke wangu aushike mguu wangu wa kulia wakati wanasukuma kitanda, kwa sababu sikujua kama nitakutana nao tena, naye akaushika mpaka pale alipokatazwa kupita. Daktari alikuja amevaa zile nguo za kijani za chumba cha upasuaji, hazina kifungo hata kimoja. Hilo lilinisaidia kuliko alivyojua.

Nilipozinduka nilihisi kuna kitu kimepungua, nisijue ni nini. Mgongo uliuma pale palipochanwa, lakini yalikuwa maumivu ya kidonda, yanakaa mahali pake. Ule moto wa mguuni ndio haukuwepo. Niliutafuta kwenye paja, haupo. Nyuma ya goti, haupo. Nikaanza kulia, na kwa kuwa nilikuwa nimelala chali, machozi yakawa yananiingia masikioni.

"Unaumwa wapi?" mke wangu akauliza.

"Siumwi," nilimwambia. "Ndiyo maana nalia."

Akafunua shuka miguuni. Sikuhitaji kuambiwa. Nikakiambia kidole gumba kipande juu, kikapanda. Kilipanda kidogo, kama mtoto anayenyoosha mkono darasani bila uhakika wa jibu, lakini kilipanda. Mke wangu akakaa kwenye kiti kama aliyekatwa kamba, akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu siku ya koti la bwana harusi. Nesi alipokuja kuuliza kuna nini, akaonyeshwa kidole.

Kupona kulinidai subira, na subira sina. Nilikatazwa kuinama, kubeba na kukaa muda mrefu, kwa hiyo nilizunguka mtaa kwa miguu mpaka wenye maduka wakaniuliza nagombea nini. Siku niliporuhusiwa kurudi kwenye cherehani, niliweka kitambaa kibovu, nikachora chaki, nikakanyaga. Nikainua mguu. Sindano ikasimama juu ya chaki. Nikarudia, nikarudia tena, nikijaza mishono isiyo na kazi, mpaka mke wangu akasema namaliza uzi wa watu. Ganzi imebaki kidogo juu ya unyayo, kana kwamba nimevaa soksi hata nisipovaa. Hiyo nimeizoea, na niliambiwa mapema.

Leo ilikuwa siku yangu ya mwisho kliniki. Nilichomeka sindano kwenye kola ya koti langu, na uzi mweupe mfukoni. Daktari alinivua soksi, akabonyeza kidole gumba, nami nikamshinda nguvu. Akasema sina haja ya kurudi. Nikamshukuru, nikatoa sindano.

"Daktari, vua hilo koti nikushonee kifungo. Kimenitesa kuliko diski."

Alikitazama, akakifunika kwa kiganja. "Hiki hapana, fundi. Hiki ameshona mama."

Akakaa, akanieleza. Mama yake alibanwa mishipa ya shingoni, vidole vikafa nguvu, ikawa hata kijiko anashikiwa. Akapasuliwa. Vidole vilipoanza kuamka akaomba apewe kazi, kazi yoyote. Binti akakata kifungo cha koti lake akampa akishone. Uzi alichagua mwenyewe.

"Ulimpasua wewe?"

"Mama yangu? Mikono ingenitetemeka. Nilimtafutia mtu, na nilihangaika kama ninyi, ingawa madaktari wote hao nawafahamu."

"Ukamchaguaje?"

"Yule aliyeshika vidole vya mama kimoja kimoja, ndipo akaomba picha."

Niliinama, mimi huyu nikainama, nikakiangalia kifungo kwa karibu. Uzi ulikuwa umekosa tundu, ukarudi, ukakosa tena, ukapata. Fundo liliachwa nje kwa sababu vidole visingeweza kulipitisha ndani. Tangu nianze kazi hii sijawahi kukisifu kifungo kibovu, hata cha mke wangu.

"Kimekaa," nilimwambia. "Hakitoki hicho."

Nikarudisha sindano kwenye kola. Nje mke wangu akaniuliza kama nimekirekebisha. Nikamwambia nimekiangalia, hakina kasoro. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama nina homa, kisha tukarudi nyumbani kwa miguu.