Mkobwa si Mkoba

Nyumbani walimwita Kamusi, na wala hawakumpa jina hilo kwa mapenzi. Tangu arudi kutoka chuoni na stashahada yake, hakuna aliyeweza kuomba hata maji ya kunywa bila kusahihishwa. Lakini asubuhi hiyo Kamusi hakuwa na neno. Alikuwa akizunguka kati ya cherehani mbili za mama yake kama kuku anayetafuta pa kutagia, simu mkononi, barua ya ofisi ya msajili kwapani.

Barua ilikuwa fupi. Ombi lao la kulinda jina la biashara lilikuwa limekataliwa. Neno “Mkoba” ni jina la bidhaa yenyewe, nalo haliwezi kuwa mali ya mtu mmoja, kwa kuwa kila muuza mikoba analihitaji.

Mwiba ni kwamba biashara yao haikuitwa Mkoba. Miaka mitatu nyuma, mama yake, fundi wa kushona mikoba kwa mabaki ya vitambaa vya makochi, alifungua ukurasa wa kuuzia mtandaoni akiwa na miwani yenye kioo kimoja. Kidole kikateleza, akaandika Mkobwa. Wateja wakacheka, halafu wakalipenda. “Fundi, nataka mkobwa mkubwa,” mmoja akaandika. Mwingine akasema mkobwa wake ulibeba kabichi tatu bila kunung'unika. Neno likashika, likashonwa kwenye lebo ya kila mkoba.

Kamusi kila alipoiona lebo ile, alihisi mchanga menoni. Kwa hiyo mama alipomwachia fomu ya maombi aijaze, alitenda alichokiita hisani: aliing'oa ile w, kimya kimya, wala hakumwambia mtu.

Sasa muuzaji mmoja wa jumla, waliyembandika jina la Bei Poa, alikuwa amefungua ukurasa wake wa Mkobwa, kwa picha zao wenyewe, akiuza mikoba ya plastiki. Jana tu mteja wa siku nyingi alikuja na mkoba wa Bei Poa uliokatika mkanda, akidhani ni wao, akauliza kama siku hizi wanashonea mate. Na dereva wa pikipiki anayewapelekea mizigo wao na Bei Poa pia alikuwa amemsikia huyo akijigamba kwamba wiki hii analisajili jina, kisha ukurasa wa yule mama ufungwe kwa wizi.

Mama alimaliza pindo, akakata uzi kwa meno, akanyoosha mkono. Kamusi hakuwa na pa kuificha barua. Mama aliisoma mara mbili, ya pili akifuata kwa kidole.

“Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi,” alisema hatimaye. “Mimi mwenzio nilijikwaa kidole. Wewe na chuo chako, mwanangu, umejikwaa nini?”

Kamusi alitaka kusema kwamba wahenga hawakuwa na simu.

“Vaa viatu,” mama akasema.

Ofisini walipewa namba, wakaambiwa wakae. Kamusi alikaa, akasimama, akaenda kusoma tangazo la ukutani ambalo tayari alikuwa amelisoma, akarudi. Kila mlango ulipolia aligeuka kutazama kama ni Bei Poa. Mama alikuwa ameshikilia bahasha yenye nakala za oda za kwanza kabisa, zenye tarehe, na alikuwa akimwomba binti yake aache kutikisa benchi, watu wamekaa.

Zamu yao ilipofika, karani mwenye kalamu sikioni alilitafuta jina kwenye kompyuta. Lilikuwa bado halijaombwa. Ila kuna mtu alipiga simu asubuhi kuliulizia, akaongeza, kama anayesimulia habari za mvua.

Kamusi aliivuta fomu kwa pupa, akajaza upesi upesi hadi kisanduku kilichouliza neno lina maana gani. Hapo damu ya chuo ikachemka. Alianza kueleza kwamba ni mkoba uliokutana na ukubwa. Karani akagonga kwa kalamu kioo kilichowatenganisha.

“Dada, ukishalipatia maana ya mkoba, utaletewa barua ile ile. Lina maana au halina?”

Alimtazama mama yake. Mama alikuwa akitazama pengine, midomo ameibana. Maisha yake yote Kamusi alikuwa hajapata kukubali kwamba kuna neno lisilo na maana. Akaikata sentensi yake, akaandika: Halina maana. Lilitungwa na mama yangu.

Mama alisogea karibu, akasoma, akahema. “Lilitungwa,” akarudia taratibu. “Haya. Nilitunga.”

Karani alichapa, akatoa stakabadhi, akainua mhuri. Kamusi alikuwa ameshaisoma kinyumenyume kupitia kioo.

“Kaka, subiri,” alisema. “Umesahihisha. Nakuomba urudishe kosa.”

Karani aliinama, akaona Mkoba, akacheka, akasema mkono ndio uliozoea. Akaiweka w mahali pake. Mhuri ukapigwa, na saa ikaandikwa.

Lakini hapo, aliwaeleza, ndipo safari inapoanza. Jina litatangazwa gazetini, na kwa siku sitini yeyote mwenye kinyongo anaweza kuweka pingamizi. Wazitunze zile oda za zamani kama mboni ya jicho.

Nje, mama alitangulia, akitembea kama mtu aliyetua mzigo. Kamusi alimfuata nyuma, na kila baada ya hatua chache aliikunjua stakabadhi, akazihesabu herufi moja moja, akaikunja tena.