Feni ya Chumbani kwa Mama

Mtaani walimwita Pangaboi, na jina lenyewe hakulichukia. Mtu mwenye feni za dari arobaini na tatu ndani ya nyumba ya vyumba vitatu, utamwitaje? Nyingine zimening'inia, nyingine zimelala chini ya kitanda, na mbili zilikaa kwenye kochi la wageni kana kwamba zinasubiri kuletewa chai. Mkewe alivumilia miaka tisa, akachoka, akaenda zake. Hakugombana wala kutupa sahani. Alisema tu kwamba yeye hakuolewa na feni.

Sasa sikia maajabu. Feni ya nyumba aliyozaliwa, ile ya chumbani kwa baba na mama, hakuwa nayo. Baba alipofariki na mama akaanza kupoteza macho, yeye na dada yake mkubwa waliuza nyumba. Siku ya kukabidhi funguo alisimama chini ya feni ile, akaitazama, akaiacha palepale. Haikuwa na kibao. Wakusanyaji wa feni wana ugonjwa wao: kwanza wanatafuta kibao chenye jina la mtengenezaji, halafu ndiyo wanaitazama feni. Isiyo na kibao ni yatima, hakuna anayeitaka. Kinyozi hajinyoi, na huyu hata kwenye kioo hakujitazama.

Mama akahamia kwa dada. Alipewa chumba kizuri chenye dirisha la kuangalia uani. Mwaka wa kwanza alikuwa mama yao yuleyule, mwenye mdomo na vicheko. Mwaka wa pili macho yalizima kabisa, na akili nayo ikaanza kutoka bila kuaga. Alishinda ameketi ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, akisubiri kupelekwa nyumbani. Chakula alikigusa tu.

"Siwezi kuzoea chakula cha watu," alisema. "Mwenye nyumba hii hata simjui."

Mwenye nyumba asiyejulikana ni dada, aliyemwogesha na kumvisha kila siku. Na Pangaboi, kwa mama, alikuwa fundi tu. Kila Jumapili akiingia na harufu yake ya grisi, mama aliinua uso na kuuliza, "Fundi, umemaliza? Maana na mimi nataka kwenda kwangu." Hakuwahi kumjibu kitu cha maana. Alikaa naye nusu saa, akatoka, akaenda kulia kwenye feni zake.

Jumapili moja dada alimshika mkono akamvuta mpaka uani, chini ya kamba ya kuanikia nguo.

"Mama anakwisha," alisema. "Umemwona mikono? Daktari amesema tumzungushie vitu vyake alivyovizoea, labda atatulia, labda atakula. Nimeleta kitanda chake, shuka zake, hata ile saa mbovu. Jana ameniuliza mbona feni haisikiki."

"Feni ipi?"

"Feni ipi! Una feni nyumba nzima, unaniuliza mimi feni ipi? Ya chumbani kwake! Mimi nilitaka tuichukue siku ile, ukanicheka. Ukasema ni takataka."

Ni kweli alisema. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Alitazama chini, akaona ndala za mama zimeegemezwa ukutani, ndogo kama za mtoto.

"Nitaileta, dada," alisema. Hakujua ataitoa wapi.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia, mkusanyaji mwenzake, na kwa feni alikuwa mgonjwa kuliko yeye. Alikuwa na madaftari sita ya vipimo: urefu wa panga, upana wa mota, idadi ya skrubu. Pangaboi alimwekea mezani picha moja ya zamani, ndiyo pekee iliyobaki. Mama amekaa kitandani anamsuka dada, Pangaboi mwenyewe wa miaka saba yuko pembeni amenuna, na juu, kwenye kona, nusu ya feni.

Mwalimu alichukua kioo cha kukuzia, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa picha.

"Mapanga matatu. Mabega ya mviringo. Hebu ngoja... kikombe cha darini kina mifereji mitatu. Wewe! Unajua hii ni nini?"

"Ningejua ningekuja kwako?"

"Hii si yatima, bwana. Hii ni ya kile kiwanda kilichofungwa kabla sisi hatujaota ndevu. Vibao vyao walibandika kwa gundi, vyote vikadondoka. Watu wanaitafuta kama dawa, na wewe uliiacha kwenu!"

"Nisamehe, Mwalimu."

"Mimi nikusamehe ili iweje?"

Pangaboi aliinama naye kwenye picha. "Na hiki kidoa cheusi hapa kwenye panga?"

"Hicho? Nzi kajisaidia juu ya picha."

Wakacheka wote wawili. Jamani, wangejua.

Nyumba yenyewe ilikuwa imebomolewa zamani. Aliyeinunua aliwaambia kwamba mabati, milango na feni vilichukuliwa na muuza vitu vya mitumba wa karibu na stendi. Muuza mitumba akakuna kichwa, akakumbuka kwamba feni ile alimuuzia mwanamke mmoja mshona magodoro. Huko nako walikwenda, siku ya nne ya kuulizauliza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wao waliinama mpaka migongo ikauma.

Karakana ya magodoro ilijaa pamba hewani, na wanawake sita walikuwa wakijaza na kushona wamefunga vitambaa puani. Mwenye karakana, mwanamke wa sauti nzito, aliwapeleka stoo ya nyuma.

"Ilikuwa pale katikati, tukaishusha wenyewe," alisema. "Inagonga hiyo! Utadhani kuna mtu darini anapigilia misumari. Wateja wananiuliza kama jengo linaanguka."

Feni ilikuwa nyuma ya magunia, imeota pamba nyeupe mpaka kwenye mota. Pangaboi alipiga magoti, akafuta kikombe kwa kiganja. Mifereji mitatu.

"Kugonga ni beringi hizo," alisema Mwalimu. "Zimekufa."

"Nitaiponya," alisema Pangaboi.

Mwenye karakana aliposikia ni ya mama mgonjwa alikataa kulipwa. "Ichukue, kaka. Mama ni mama." Pangaboi alitoka ameikumbatia kifuani, pamba imemjaa shati zima, na kwa mara ya kwanza tangu mkewe aondoke alijisikia mtu wa maana.

Siku tatu hakutoka nyumbani. Alifanya anachokijua, na alikijua kwelikweli. Aliifungua yote, akaosha vyuma kwa mafuta ya taa, akatia beringi mpya, akabadilisha kapasita, akakwangua rangi tabaka kwa tabaka. Kwenye panga moja alikuta uvimbe wa pamba na rangi kavu. Aliukwangua, na ndani yake ikatoka nati ya shaba, kubwa kama jicho la mbuzi, imefungwa kwa waya. Ncha ya panga hilohilo ilikuwa imepinda.

"Mwalimu, njoo uone kazi ya mjinga!" aliita. "Panga limepinda. Badala ya kulinyoosha, kalifungia nati! Kuna watu walipewa mikono wakanyimwa akili."

Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Pangaboi akakata waya kwa koleo, akaitupa nati kwenye kopo la vyuma chakavu. Panga akalilaza juu ya ubao, akalinyoosha kwa nyundo ya mpira, taratibu, mpaka likawa sawa na wenzake. Akayapima mapanga yote matatu kwenye mizani, gramu kwa gramu. Akapiga rangi ya maziwa.

Ijumaa akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, kama kila Ijumaa. Pangaboi akammiminia kopo lote, akarudi ndani kuijaribu feni. Ilizunguka kimya kabisa. Mwalimu alisimama chini yake na mikono kiunoni.

"Hata ukinong'ona unasikika," alisema.

Kwa wakusanyaji hakuna sifa inayozidi hiyo.

Jumapili, saa nne asubuhi, aliifunga kwenye dari ya chumba cha mama. Mama alikuwa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, anafuata sauti za ngazi kwa sikio. Dada alisimama mlangoni na bakuli la supu mkononi. Pangaboi alishuka, akajifuta jasho, akabonyeza swichi.

Upepo ukashuka. Kitambaa cha kichwani mwa mama kikacheza. Mama aliinua uso na kutega sikio, akasubiri. Wao pia wakasubiri. Dada alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wake mtupu.

"Unaburudisha," mama alisema hatimaye. "Ahsante, fundi. Ila siyo ya kwangu."

"Ndiyo yenyewe, mama." Pangaboi alichuchumaa mbele yake. "Nimeitafuta mpaka nimeipata. Ina mifereji mitatu kwenye kikombe, mabega ya mviringo, imetoka kwenye nyumba yetu ileile..." Akaeleza kiwanda, akaeleza gundi, akaeleza safari yote ya stendi na magodoro. Alikuwa anamfundisha mwenye feni kuijua feni yake.

Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza.

"Ya kwangu inagonga," alisema. "Tok. Tok. Ina nati."

Pangaboi aliinua macho kwenye panga alilolinyoosha.

"Kijana wangu wa mwisho alimrushia mjusi kiatu," mama aliendelea, na sauti yake ikawa ya zamani, ile yenye kicheko ndani. "Mjusi akaenda zake, panga likapinda. Basi mtoto akaingia mvunguni akashinda humo, anamngoja baba yake na fimbo. Baba yake karudi kutoka kiwanda cha sabuni, kaitazama feni inavyoyumba kama mlevi, kacheka huyo! Katoa nati ya mashine mfukoni, kaifunga. Nikamwambia, baba watoto, si ulinyooshe tu, wewe fundi mzima? Akasema, 'Acha igonge. Kila ikigonga namkumbuka alivyotoka mvunguni na vumbi puani.' Baba yake hakuwa mtu wa kusemasema mapenzi, fundi. Ile nati ndiyo ilikuwa maneno yake."

Pangaboi alikumbuka yote kwa pamoja. Vumbi la mvunguni, viatu vya baba vilivyosimama mbele ya macho yake, mkono uliomvuta nje na badala ya kumchapa ukampangusa pua. Halafu ile tok, tok, kupitia ukutani, miaka na miaka, mpaka akaacha kuisikia. Na yeye ndiye aliyesema mjinga. Ndiye aliyesema wamenyimwa akili.

Alitoka mbio bila kuaga. Alimkuta mnunuzi wa vyuma anakula kivulini mwa mkokoteni wake.

"Nati?" mtu yule alishangaa. "Kaka, shaba yote imekwenda kuyeyushwa jana. Unataka nati? Chukua hizi, ziko tele." Akamwonyesha ndoo nzima.

Aliokota moja, akarudi nayo. Alipanda ngazi, akaishusha feni yake nzuri isiyo na kosa, akaweka panga gotini na kulipinda kwa mikono yake mwenyewe. Rangi ya maziwa ikapasuka. Akafunga nati kwa waya, akaipandisha, akawasha. Ikayumba. Ikakwaruza, krrr, krrr. Akaizima, akasogeza nati, akawasha tena. Krrr. Mara ya tano dada alimshika mguu pale juu ya ngazi.

"Basi, mdogo wangu. Basi. Shuka."

Alishuka. Kilio hakukificha. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo analijua hata mtoto, lakini nani aliwahi kuacha kujaribu? Supu ilikuwa imepoa kwenye bakuli. Mama hakuigusa.

Mama alinyoosha mkono hewani, akapapasa mpaka akampata begani, akampigapiga polepole kama mtu anayembembeleza mgeni.

"Usilie, fundi. Hukuijua, ungejuaje? Nina kijana wangu, hakuna feni asiyoijua dunia hii. Huyo akija, ataniletea ya kwangu." Akauweka mkoba sawa mapajani. "Atakuja, eti?"

"Atakuja, mama," alisema fundi.