Mwendo wa Gakunzi

Majirani walipomwona Evariste akienda na kurudi mbele ya kioo cha kabati uani kwake, mwavuli uliofungwa ameulaza shingoni na mikono ameining'iniza juu yake, walisema uzee umemfikia vibaya. Kilibula, mjini Uvira, ni mtaa wa nyumba zilizobanana. Wazimu wa mtu haufichiki. Mkewe Laure, mwenye kioo, aliwajibu kutoka jikoni kwamba mume wake yuko kazini, na kwamba kazi hiyo ilimharibu akili tangu hajamwoa, basi wasijisumbue.

Kazi yenyewe ilikuwa kumtembeza marehemu.

Gakunzi, rafiki yake wa ujana, alikuwa amefariki karibu mwaka mzima nyuma kwa ugonjwa wa figo. Sasa familia ilijiandaa kumaliza kilio, siku ile ndugu wanapokutana, mchungaji anaomba, na mjane anavua nguo nyeusi. Mjane huyo, Mukarusanga, alikuja kwa Evariste asubuhi moja, akakaa kwenye kiti bila kuegemea, akamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza kama adabu inavyotaka.

“Papa Délice, picha zake iko. Ya ndoa iko, ya kanisa iko. Lakini picha inasimama tu. Minye nimeanza kusahau namna alikuwa anarudi nyumbani. Na video hakuna hata moja, ule muntu alikuwa anakimbia telefone kama mutoto anakimbia sindano.” Akashika pindo la nguo yake nyeusi. “Sitaki kuvua hii nguo na nimemusahau. Weye na yeye mulikuwa munatembeza mpaka ngombe za karatasi. Unitembezee bwana yangu.”

Evariste alikubali kabla mjane hajamaliza kusema. Alipobaki peke yake ndipo alipoona alichokubali, maana hata yeye, alipofumba macho, alimwona Gakunzi amekaa, amesimama, anacheka. Hakumwona akitembea.

Walikutana wakiwa wavulana, Gakunzi ameteremka kutoka milima ya Mulenge kuja kusoma Uvira, mwembamba, mpole, ananuka moshi na maziwa, kama walivyomtania darasani. Wiki ile ile ya kwanza alitoa mfukoni kipande cha boksi alichokikata duara. Upande mmoja alikuwa amechora ng'ombe, upande wa pili zizi tupu. Alikitoboa pembeni huku na huku, akatia nyuzi, akazisokota kwa vidole, akaachia. Boksi likazunguka, na ng'ombe akaonekana ndani ya zizi. Evariste, mtoto wa wavuvi ambaye hajawahi kumwonea wivu mtu wa mlimani, siku hiyo alimwonea wivu mpaka chakula kikamshinda.

“Jicho ni bahili,” Gakunzi alimweleza. “Ikishapata picha haiiachi mbio. Ya pili inakuta ya kwanza ingali mulangoni.”

Basi wakaanza. Kwanza walichora kwenye pembe za madaftari yaliyokwisha, kila ukurasa mvuvi amesogea kidogo, halafu wakazipeperusha kurasa kwa kidole gumba na mvuvi akavuta wavu wake uliojaa ndagala. Baadaye walitoboa matundu marefu kwenye debe la mafuta, wakalisimamisha juu ya msumari, wakapanga ndani yake ukanda wa michoro, wakalizungusha. Ukichungulia matunduni unaona ng'ombe anatembea, na haachi kutembea mpaka debe lichoke. Watoto wa pwani ya ziwa walipanga foleni kuchungulia. Padri mmoja aliyepita akawaambia, kwa nia njema, kwamba vitu hivyo vyote Wazungu walishavitengeneza zamani, kabla hata ya kuwapo sinema. Gakunzi alikasirika siku mbili nzima. “Wametutangulia,” alisema, “na hawakututumia hata habari.”

Meza yao ya kuchorea ilikuwa kioo cha gari bovu juu ya sanduku la mbao, na ndani ya sanduku kipande cha kioo cha kujitazamia kilichorushia mwanga wa jua juu. Ukiweka karatasi nyembamba juu ya mchoro, ule wa chini unaonekana, na wewe unachora wa juu ukiwa umesogea unywele mmoja. Waligawana kazi. Evariste, mwenye mkono wenye nguvu, alichora mwanzo na mwisho: mguu unanyanyuka, mguu umekanyaga. Gakunzi alichora yote yaliyo katikati. Huo ndio uchoraji mgumu, usio na sifa, kwa sababu hakuna anayeuona. Ukiuona ujue umekosewa.

“Weye unachoraka kusimama,” Gakunzi alizoea kusema. “Minye nachora njia.”

Kisha maisha yakawachukua. Evariste akawa mchoraji wa vibao vya maduka na saluni. Gakunzi akawa mfanyabiashara wa maziwa na jibini, akaoa, akajenga hapo hapo Kilibula. Ilikuja pia miaka ambayo watu wa ziwani na watu wa milimani walitazamana kwa jicho baya, na kuna majirani waliotaka kila mmoja achague upande. Wawili hao hawakuchagua. Waliendelea kunywa chai kwenye kibaraza kimoja, wakibishana juu ya miguu ya ng'ombe.

Sasa Evariste alichora mwanzo na mwisho na katikati, yote peke yake. Telefoni aliifunga kwa kamba chini ya kiti ikitazama sakafuni, akaipiga picha michoro mmoja baada ya mwingine, na programu aliyowekewa na binti yake ikaiunganisha. Sura aliijua: kofia, paji la uso, koti lenye mifuko iliyolegea. Mwavuli aliujua pia. Mjini Gakunzi hakuwa na ng'ombe wa kuchunga, basi mwavuli ukawa fimbo yake. Aliulaza shingoni kama wachungaji wanavyolaza fimbo, mikono ikaning'inia huku na huku, jua au mvua. Miguu tu ndiyo hakuikumbuka. Kwa hiyo alifanya kama wachoraji wa kazi hii wanavyofanya popote: alisimama mbele ya kioo, akatembea mwenyewe, akachora alichokiona.

Alipompelekea Mukarusanga telefoni, mama huyo aliishika kwa mikono miwili, akaitazama. Kwanza alicheka, mkono mdomoni, kwa kuona ile kofia. Halafu kicheko kikaisha.

“Papa Délice, iko muzuri sana. Lakini huyu haiko Gakunzi. Huyu ni weye.”

“Minye namna gani?”

“Uso ni ya bwana yangu. Miguu ni ya muntu wa ziwa. Angalia, anatanua miguu kama vile iko ndani ya mutumbwi.”

Evariste aliangalia na akaona kweli. Ukoo mzima wa baba yake ulizaliwa juu ya mitumbwi, na hata kwenye lami walitembea kama ardhi inaweza kuyumba wakati wowote. Alikuwa amemvalisha rafiki yake mwendo wake mwenyewe na hakugundua. Hilo lilimuuma kuliko kukosea mchoro. Miaka yote ile ya kutembea pamoja, naye alikuwa akitazama mbele.

“Nitarudilia,” alisema.

“Siku imebakia kidogo,” Mukarusanga alisema, bila lawama, na kukosa lawama huko ndiko kulikomfukuza Evariste nje.

Barabarani alikutana na Amahoro, binti wa Gakunzi, ametoka Luberizi anakofundisha shule, amebeba mikeka ya kukalia wageni. Alimwamkia, “Shikamoo, papa,” akauliza hali ya nyumbani, akampita kuelekea kwao. Evariste akageuka amsaidie mzigo, na hapo akasimama.

Msichana alikuwa amelaza mikeka iliyoviringishwa mabegani na mikono ameitundika juu. Lakini si mikeka iliyomsimamisha, ni magoti. Yalinyanyuka juu kidogo kuliko barabara ilivyohitaji, kama anapanda mahali ambapo hapakuwa na mlima. Mwili uliinama mbele, mguu ukatua wote kwa pamoja, na kabla ya hatua nyingine palikuwa na kituo kifupi, cha mtu asiyeogopa kuchelewa. Evariste alimjua mtoto huyo tangu kuzaliwa. Siku zote alimtazama usoni, akasema amefanana na mama yake.

“Amahoro!” alipiga kelele. “Simama hapo, mwanangu. Rudi nyuma. Tembea tena.”

“Kutembea namna gani, papa?”

“Vile unatembeaka! Usifikiri!”

Ni rahisi kusema. Mtu akiambiwa atembee bila kufikiri hujikwaa, na Amahoro alijikwaa mara kadhaa mbele ya akina mama wa sokoni waliokuwa wakimshangilia, mpaka akachoka na aibu, akaanza kuongea juu ya wanafunzi wake, akausahau mwendo, na mwendo ukarudi. Evariste aliunasa kwa video, akarudi nao nyumbani ndani ya telefoni.

Zamani waliwahi kusikia kwamba wachoraji wengine hupiga sinema ya mtu halisi, kisha huchora juu yake picha kwa picha. Gakunzi aliita jambo hilo kuiba miguu ya watu. Evariste alimwomba radhi kimoyomoyo, akalaza kompyuta bapa ya binti yake mezani, akaweka karatasi nyembamba juu ya kioo chake, akaanza kuiba. Hakunakili tu. Baba alikuwa mzito kuliko binti, basi mguu ulipotua aliuacha ukae chini kidogo zaidi, kwa kurudia mchoro uleule. Mabega aliyapanua, mikeka akaigeuza mwavuli. Jioni, alipopeperusha karatasi mkononi kama enzi za madaftari, Gakunzi alimjia akitembea, na Evariste akaita jina lake kwa sauti, mpaka Laure akauliza ni nani amekuja.

Siku ya kumaliza kilio, sebule ya Mukarusanga ilijaa hadi dirishani. Walikuwapo wazee walioshuka kutoka Mulenge, walikuwapo wavuvi wa mtaani. Baada ya wimbo na neno la Mungu walifunga mapazia, wakatundika shuka ukutani, na Evariste akawasha mashine ya kuonyeshea iliyoazimwa kanisani.

Gakunzi akatokea, anatembea, nyuma yake nyumba za Kilibula zikipita. Watu wakapumua kwa pamoja. Mzee mmoja akasema, “Ni yeye,” kwa Kinyamulenge kisha kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie. Mukarusanga aliinama mbele, machozi yakimtoka na meno yakionekana, na Evariste akajisikia kijana.

Aliiacha iendelee. Kwa utaratibu wa kazi hii, mwendo ni hatua mbili tu zilizochorwa vizuri. Mwisho ukiungwa na mwanzo, mtu hutembea milele, kama vile ng'ombe wa kwenye debe. Evariste aliunga hivyo kwa makusudi. Alitaka atembee mpaka wao wachoke.

Nyumba zilipita, zikapita tena. Uso wa Mukarusanga ukabadilika polepole.

“Papa Délice,” aliuliza mbele ya watu wote, “mbona hafiki?”

“Hafiki, mama. Ni karatasi zilezile zinazunguka.”

“Mwaka muzima iko njiani?” Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. “Unamuchokesha. Umuache afike.”

Evariste angeweza kusema muda hautoshi. Ukweli ni kwamba mwisho alikuwa hajauchora kwa sababu hakuutaka. Mchungaji alifunga Biblia yake juu ya kidole, akasema wageni wanaweza kunywa fanta kwanza.

Evariste akakaa mezani kati ya chupa na sahani, akachora. Gakunzi anafika mlangoni. Anateremsha mwavuli. Anainamisha kichwa, kwa kuwa alikuwa mrefu na mlango mfupi. Bega linaingia, kisha mgongo. Amahoro alizishika karatasi zisipeperuke, na Evariste akazipiga picha moja moja. Ikabaki ya mwisho. Hiyo ilikuwa rahisi kuliko zote, mlango peke yake, mistari michache, na mkono wake haukwenda. Mukarusanga alikuja akasimama nyuma yake. Alisubiri, kama mtu aliyezoea kusubiri mtu.

Akauchora.

Wakafunga mapazia tena. Gakunzi alitembea, akafika, akateremsha mwavuli, akainama, akaingia, na ukutani ukabaki mlango.

“Njo vile alikuwa anafika,” Mukarusanga alisema. Akafungua kitambaa cheusi kichwani mwake, akakikunja vizuri, akampa binti yake.

Evariste alilia pale pale mbele ya watu, mtu mzima na mvi zake, na hakuna aliyemwambia anyamaze.