Pombe Isiyoona Hewa

Safari ya kwanza, pombe ya Nyamburi ilifika Butiama imechacha hadi nzi wakaikwepa. Mzee Wanzagi alionja, akatema, akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba nyumba isiyoweza kutunza pombe kutoka Bunda haiwezi kumtunza binti yake Dafroza. Enoka, mtoto wa Nyamburi aliyekuwa akimposa Dafroza, alirudi nyumbani hata ugali haumpiti kooni. Wazee wa kina Enoka wakaomba nafasi ya pili, wakapewa, wakaambiwa ya tatu haipo.

Nyamburi alikuwa mwanamke wa kushindwa na mambo mengine yote, si pombe. Adui alimjua: hewa. Akapata kipipa cha chuma kwenye baa moja iliyofungwa kwa kukosa bia, maana mwaka ule wa themanini na tatu hata sabuni ilikuwa hadithi. Akakisugua kwa majivu, akakisuuza kwa maji yanayochemka, akarudia tena. Kisha akachukua mpira, upande mmoja akauchomeka kwenye mtungi wa pombe changa iliyokuwa bado inatokota yenyewe, upande wa pili akauingiza ndani ya kipipa kitupu, ili pumzi ya pombe iifukuze hewa. Alipotumbukiza kijinga cha moto humo, kilizimika papo hapo: hewa imeisha.

"Mama Enoka, unafugaga jini humo?" jirani yake Dorotea aliuliza, mguu mmoja tayari uko njiani.

"Nafukuza hewa. Na wewe usije kunipumulia hapa!"

Ndipo akaishusha pombe iliyoiva, kwa mpira uleule, taratibu, kuanzia chini ya kipipa hadi ikajaa mdomoni bila povu. Akagongelea kizibo. Akapanda na kipipa juu ya lori la pamba, amekikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Butiama, Wanzagi alionja. Ilikuwa laini, tamu, haina uchachu hata kidogo. Mzee akaangua kicheko.

"Hii togwa, mama Enoka! Sisi hii tunawapaga watoto."

Enoka akainamisha kichwa. Wanzagi, kwa dharau, akaagiza watu wagawiwe kwa vikombe vikubwa. Yeye mwenyewe akashusha kimoja, kingine, na kingine tena, ili kila mtu aone jinsi isivyo kitu. Kisha akainuka kutoa hukumu.

"Nyumba hii..." alianza. Miguu ikamkana. Akakaa chini pwaa, katikati ya kuku.

Nyamburi alimsogelea, akapiga goti kwa heshima zote.

"Pole, baba Dafroza. Togwa imekuangusha?"

Uwanja mzima ukageuka. Mwanaume mwenye boma na ng'ombe zake, kaangushwa na kinywaji cha watoto! Wanzagi aliwatazama watu, akawatazama kuku, akaona mlango wa kutokea ni mmoja tu.

"Nani kasema togwa?" akanguruma. "Hii pombe! Pombe kabisa! Enoka, mkwe wangu, njoo unishike."