Shingo Tupu Asubuhi ya Pasaka

Kinanu alikuwa na aibu moja ambayo hakumwambia mtu: tangu aokoke hakuwa amemleta kanisani hata mtu mmoja. Wenzake walileta, tena kwa fujo. Kanisa lao la mabati pale mtaani Wabera lilikuwa limejaa mpaka wanaochelewa wanasikiliza mahubiri wakiwa wameegemea madirisha kwa nje. Kila Jumapili mtu anasimama, Bwana asifiwe, leo nimekuja na shemeji yangu. Mwingine anasimama, nimekuja na fundi anayenishonea nguo. Kinanu je? Kinanu alikuja na mwavuli.

Si kwamba hakujaribu, usimwonee. Alianza na jirani yake Batula, wa kabila la Kiborana, Mwislamu wa kuswali swala zote. Batula akamwekea chai ya maziwa yenye tangawizi, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu naye akaanza kumweleza habari za Mtume wake, na alijua kueleza. Wakaachana wakipendana vile vile, kila mtu na dini yake, na Kinanu akarudi nyumbani na tumbo limejaa chai.

Mchungaji Yattani ndiye aliyemtia moyo, akimwita kwa jina la mwanawe kama watu wote. "Mama Mwenda, usihubirie soko lote. Tafuta mtu mmoja. Keti naye. Mpe habari kwa mpangilio, kutoka uumbaji, kila siku kipande chake. Usiruke."

Na Kinanu, mtu wa kushika maagizo kuliko mwenye kuyatoa, akaapa moyoni kwamba hataruka.

Mtu mwenyewe alimpata sokoni, pale alipouzia mboga. Nakaale alikuwa mama wa Kiturkana aliyeleta makaa kutoka manyatta, kile kijiji cha wafugaji ng'ambo ya mto. Mwembamba, mcheshi, na shanga zimepandana shingoni kutoka mabegani hadi chini ya kidevu, zimepakwa mafuta mpaka zinang'aa. Siku moja akauliza, "Mama Mwenda, Jumapili huwa unakimbilia wapi na kile kitambaa cheupe kichwani?"

Wee! Kinanu angeweza kumkumbatia hapo hapo juu ya nyanya.

Tangu hapo kila Ijumaa alivuka mto. Waliketi kando ya boma la Nakaale, na mama mkwe wake, Akuam, kikongwe mwenye macho makali na Kiswahili cha sokoni, akijifanya hasikii huku masikio yameelekezwa hapo hapo. Kinanu aliwapa Adamu, akawapa gharika, akawapa Yusufu na ndugu zake. Wakifika mahali patamu anafunga, "Tutaendelea wiki ijayo," na Nakaale anapiga paja lake kwa hasira.

Mume wa Nakaale aliitwa Ekidor. Ulikuwa ni mwaka uliofuata ile njaa ya mahindi ya njano ya msaada, na mbuzi wachache waliobaki aliwapeleka mbali, Gotu, kwenye maji. Kabla ya kuondoka alisimama mbele ya Kinanu na fimbo yake, mrefu, mtu wa maneno machache.

"Mama Mwenda, mke wangu asikie hayo maneno, sikatai. Akitaka kuingia hayo maji yenu, aingie. Lakini siku utakayoleta aibu kwa boma langu, usivuke huu mto tena."

"Aibu gani, Baba? Mimi naleta habari njema tu."

"Sawa," akasema, akaenda zake.

Basi Pasaka ikakaribia. Mchungaji akatangaza ubatizo mtoni, Jumapili asubuhi, na Nakaale akasema atabatizwa. Kinanu hakulala kwa furaha. Kitu kimoja tu kilimkwaruza: zile shanga. Kwao Meru, siku aliyookoka, jambo la kwanza lilikuwa kutoa herini masikioni, na akina mama wa kanisa wakaimba na kumpigia makofi. Kwa Kinanu, mlango wa kuingilia wokovu ulikuwa ni huo. Akina mama wa Wabera nao walikuwa wameshaanza kunong'ona, huyo mtu wako atazama na mzigo wote huo? Hakumuuliza mchungaji. Hakumuuliza Nakaale pia, na hapo ndipo alipokosea.

Ijumaa Kuu alivuka mto, na kwa mpangilio wake ule ule kipande cha siku hiyo kilikuwa cha msalaba. Alikisimulia kama hajawahi kusimulia kitu maishani. Misumari, kiu, mama yake amesimama pale anaangalia. Hata Akuam aliacha kujifanya. Nakaale aliuliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa amekosa nini?"

"Hakuna. Alikufa kwa ajili yako."

Jua lilikuwa linashuka, na Kinanu alikuwa na zamu ya kufagia kanisa kabla ya ibada ya jioni. Akainuka haraka, akakung'uta nguo. "Kilichobaki tutamalizia Jumapili. Na Nakaale, kabla ya hiyo siku, vua hizo shanga."

 Nakaale akaitikia kwa kichwa, polepole, na machozi yakamtoka. Kinanu akafikiri, asifiwe Bwana, ameguswa. Akaondoka akiimba.

Jumapili alirudi kumchukua mapema, jua likiwa bado jekundu, na wimbo ukamkatikia mdomoni alipofika bomani. Hakukuwa na moshi. Hakukuwa na ile sauti ya shanga zikigongana wanawake wanapokamua na kufagia. Walikuwa wameketi chini mavumbini, Nakaale, Akuam, na wanawake wa maboma yote ya jirani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ushanga. Pale zilipokuwa shanga miaka yote, ngozi ilikuwa laini na imepauka, haijawahi kuona jua. Macho yalikuwa yamevimba.

 Ekidor! Wezi wa mifugo wamemuua Ekidor huko Gotu!

"Nakaale, mama, nani amekufa?"

Nakaale akamshangaa. "Mama Mwenda, si wewe ndiye uliyeleta habari?"

"Habari gani?"

"Kwetu mwanamke havui shanga hivi hivi. Anavua akiwa mgonjwa sana, ama akifiwa. Wewe ulisema yule mtu amekufa, tena kwa ajili yangu. Halafu ukasema vua shanga. Nikajua ni matanga." Akafuta pua kwa kiganja. "Mama mkwe akaniuliza, amekufa kwa ajili yako peke yako? Nikasema hapana, Mama Mwenda alisema ni kwa ajili ya watu wote. Basi na yeye akavua. Wengine wakaja kuuliza msiba ni wa nani, tukawaambia. Nao wakavua."

 Habari hii Kinanu aliijua tangu utotoni. Ameiimba akipiga makofi, amesinzia ikihubiriwa, Ijumaa Kuu nyingine ameipitisha akifikiria bei ya vitunguu. Hata siku moja hakuwahi kumlilia huyu mtu kama mtu anavyomlilia wa kwake. Na hawa, waliopewa kipande tu, walikuwa wameacha moto uzimike. Alijiona amesimama na viatu mahali ambapo angepaswa kuvivua.

Angeendelea kusimama hivyo hivyo kama si sauti nyuma yake.

"Nani amekufa kwangu?"

Ekidor. Walikuwa wametuma mtu kumwita, maana msiba haukai bila mwenye boma, na alikuwa ametembea kutoka Gotu bila kupumzika, vumbi hadi kwenye nyusi. Macho yake yalimtafuta mama yake, yakamtafuta mke wake, yakaingia ndani ya nyumba kuwatafuta watoto. Wote wapo. Yakarudi kwenye shingo ya mke wake, na uso wake ukabadilika, maana mwanamke kuvua shanga mume akiwa mbali si mchezo. Ni kama kumzika akiwa hai.

"Ni mtu wa Mama Mwenda," Nakaale akasema.

Ekidor akamgeukia Kinanu. "Ni mtu wako?"

Hapo, jamani, Kinanu aliiona njia ya kutorokea. Angesema, nisamehe Baba, nimekosea, si kitu, wavae tu shanga zao. Labda Ekidor angepoa. Lakini akiwaambia si kitu, machozi yote ya siku hizi yatakuwa upuzi, na Nakaale atakuwa mjinga wa manyatta nzima. Akawaangalia wale wanawake. Akaona aibu kwa kufikiria hivyo.

"Ni wangu," akasema. "Lakini sikumaliza. Nisikilizeni nimalize."

Akaketi chini, palepale mavumbini, na nguo yake nyeupe ya Pasaka. Akawaambia kwamba wale waliokwenda kaburini walikuwa wanawake, alfajiri kama hii, macho yamevimba kama haya, wamebeba mafuta ya kumpaka maiti. Walikuwa wanaulizana njiani ni nani atakayewaondolea lile jiwe. Nakaale alikuwa anatafsiri kwa Kiturkana neno kwa neno, na sauti yake ilianza kukimbia mbele ya Kinanu. Wakafika. Jiwe limeviringishwa. Ndani hakuna mtu.

"Wameiba maiti!" mmoja akapiga kelele.

"Hawakuiba. Alikuwa amesimama nyuma yao. Akawaita. Amefufuka. Yuko hai mpaka leo."

Nakaale alitafsiri hilo la mwisho. Mbuzi mmoja alilia zizini.

"Rudia," Akuam akasema.

"Yuko hai, nyanya."

Kikongwe akamkazia macho. "Na wewe ulijua tangu Ijumaa?"

"Nilijua."

"Ukajua, ukatuacha tulie? Ukaenda kufagia? Wewe mwanamke wa Meru, una moyo wa aina gani?"

Hakuna karipio lililowahi kumfurahisha mtu hivyo. Kinanu alikuwa analia na kucheka, kamasi zinamtoka, hajali.

Wote wakamgeukia Ekidor, maana boma ni lake na neno ni lake. Alikuwa bado ameegemea fimbo. 

"Nimetembea usiku wote nikijua nakuja kuzika," akasema. "Nimetafuta aibu hapa, sijaiona." Akapanguza vumbi usoni. "Mke wangu hawezi kukaa na shingo ya msiba, na mtu mwenyewe yuko hai. Leteni shanga."

Zikaletwa, na mafuta yakaletwa. Wanawake wakavalishana, mmoja anamshikia mwingine kichwa, na ile sauti ya kugongana ikarudi bomani kidogo kidogo mpaka ikajaa kila mahali. Kinanu alikuwa anatazama tu, mikono kifuani, akihofu hata kupumua kwa nguvu.

Ndipo Akuam akamjia. Alikuwa na mkufu mmoja umebaki mkononi, mwekundu.

"Na wewe?" akasema. "Mbona shingo yako tupu? Wewe bado unamlilia?"

 Kinanu alikumbuka herini zake, alikumbuka makofi, alikumbuka maneno mazuri ya kueleza jambo hilo. Yote akayaacha. Akainamisha kichwa avalishwe.

Walipoteremka mtoni kanisa zima lilikuwa limeshakusanyika, limechoka kungoja. Watu waliwasikia kabla ya kuwaona. Akatokea Nakaale na shanga zake zote, nyuma yake manyatta nzima ya wanawake wanaong'aa mafuta, nyuma yao Ekidor na fimbo. Akina mama wa Wabera wakatazamana. Mchungaji Yattani, maji yakiwa magotini, alimtazama Kinanu, na mkufu mwekundu juu ya nguo iliyojaa vumbi.

"Mama Mwenda, hiyo shingoni ni nini?"

"Amefufuka, mchungaji," Kinanu akasema.

Mchungaji akapitisha macho kutoka shingo hadi shingo. Kisha akanyoosha mkono, akamshika Nakaale, akamshusha majini na shanga zake zote.